KANDO YA MTO LOIRE KWA BAISKELI

Siku nne katika vijiji vya kale vya Ufaransa

Waswahili husema, mwenda pole hajikwai. Methali hii tumeisikia sote tangu utoto, lakini mtu akipata nauli ya motokaa huisahau upesi. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wenye kuisahau, hata mwezi wa Septemba mwaka 2023 nilipokwenda Ufaransa kumtembelea rafiki yangu afanyaye kazi katika mji wa Tours. Nilimwuliza ni gari gani litakalotupeleka kuona makasri na vijiji vya kale vya nchi ile, ambavyo sifa zake zimeenea duniani. Akanichukua uani, akanionyesha baiskeli mbili zimeegemea ukuta.

Nakiri kwamba nilivunjika moyo. Baiskeli naijua. Ndiyo iliyonipeleka kazini miaka mingi nilipokuwa karani, nayo ndiyo iliyobeba mahindi, na maziwa, na siku moja hata mgonjwa. Kwangu mimi baiskeli ilikuwa chombo cha kazi cha mtu asiye na motokaa, wala sikufahamu kwa nini mtu avuke bahari ili aje akanyage pedeli. Basi nataka kuwaeleza wasomaji mambo niliyoyaona katika siku zile nne, maana nilirudi na fikira nyingine juu ya baiskeli, na juu ya vijiji pia.

NJIA YENYEWE

Loire ndio mto mrefu kupita yote nchini Ufaransa. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,000. Huanza katika milima ya kusini, huelekea kaskazini, kisha hupinda na kwenda magharibi mpaka Bahari ya Atlantiki. Katika sehemu zake za kati nchi ni tambarare, udongo una rutuba, na hali ya hewa si kali. Ndiyo sababu wafalme wa Ufaransa na wakuu wao walipenda kujenga huko katika karne ya 15 na ya 16. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliandika sehemu kubwa ya bonde hilo, kutoka Sully-sur-Loire mpaka Chalonnes-sur-Loire, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwaka 1995 majimbo mawili yaliyopitiwa na mto huo yalipatana kufanya njia moja ya baiskeli. Leo njia hiyo ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy, karibu na mji wa Nevers, mpaka Saint-Brevin-les-Pins, pwani ya Atlantiki. Nayo ni sehemu ya njia ndefu zaidi, ivukayo Ulaya mpaka Bahari Nyeusi katika nchi ya Romania.

Msomaji asidhani kwamba walijenga barabara mpya kwa kilomita zote hizo. Kwa sehemu kubwa walitumia kilichokuwapo: barabara za mashambani zipitwazo na magari machache, vijia vya kando ya mto, na migongo ya matuta ya kuzuia maji. Kazi kubwa ilikuwa kuviunganisha, kutengeneza palipoharibika, na kuweka vibao katika njia panda. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kifaransa aweza kufuata vibao hivyo siku nzima asipotee. Nyumba za wageni nazo zaweza kupewa alama ya kibali, mradi zisiwe mbali na njia kupita kilomita 5, na ziwe na mahali salama pa kulaza baiskeli pamoja na vifaa vya kuzitengeneza. Hayo ni mambo madogo, lakini bila hayo msafiri hatoki nyumbani kwake.

Matuta hayo yana historia yake. Loire ni mto wenye hila. Wakati wa kiangazi waweza kuona mchanga mtupu na vijito viwili vitatu, ukadhani mtoto aweza kuuvuka. Mvua zikinyesha milimani, hugeuka bahari. Katika karne ya 12 Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala Uingereza pamoja na sehemu kubwa ya Ufaransa ya magharibi, aliwasamehe utumishi wa vita watu waliokubali kukaa juu ya matuta na kuyatunza. Alijua kwamba tuta lisilo na mwenyewe halidumu. Hata hivyo mafuriko ya mwaka 1846, 1856 na 1866 yaliyavunja matuta mahali pengi, na mpaka leo katika vijiji vya ukingoni utaona mistari iliyochongwa ukutani pamoja na mwaka wake, kuonyesha maji yalipofika. Mstari mmoja nilioutazama ulipita kichwa changu.

UPEPO WA MAGHARIBI

Tuliondoka Tours asubuhi, kila mmoja na mifuko miwili imefungwa kwenye keria. Barabara ilikuwa sawa kama meza, nami nikaanza kukanyaga kwa nguvu, nikamwacha rafiki yangu nyuma. Aliponikuta nimesimama kunywa maji aliniambia, "Ndugu yangu, usijivune mapema. Upepo bado haujaamka."

Ulipofika saa nne uliamka. Katika bonde hilo upepo hupenda kuvuma kutoka baharini, yaani magharibi, nasi huko ndiko tulikokuwa tukielekea. Tuliinamisha vichwa, tukapunguza gia, tukaenda kwa zamu, mmoja mbele akikata upepo na mwingine akijificha nyuma yake.

Rafiki yangu alinieleza kwamba upepo huo ulikuwa mali ya watu wa Loire kwa karne nyingi. Mashua zao zilikuwa na vitako bapa kwa sababu ya mchanga, na tanga moja kubwa la mraba. Zilishuka na mkondo zikichukua divai na mawe ya kujengea, kisha zikapanda na upepo zikileta chumvi na bidhaa za pwani. Kila kijiji kilikuwa na gati yake ya mawe iliyoteremka taratibu majini. Katikati ya karne ya 19 reli ilifika, na biashara ya mashua ikafa kwa muda mfupi. Magati bado yapo, yamefagiliwa, hayana chombo kilichofungwa ila mtumbwi wa mvuvi. Nilipoyaona nilianza kufahamu kwamba utulivu wa vijiji hivi, ambao wageni huusifu sana, haukuwako zamani. Palikuwa na makelele ya wachukuzi na mabaharia. Utulivu ulikuja kazi ilipoondoka.

BUSTANI YA KABICHI

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Villandry, umbali wa kama kilomita 20 kutoka Tours. Kasri lake lilijengwa katika miaka ya 1530 na Jean Le Breton, mmoja wa mawaziri wa Mfalme François wa Kwanza. Lakini watu hawaendi Villandry kwa ajili ya kasri. Huenda kwa ajili ya bustani.

Mwaka 1906 daktari mmoja Mhispania, Joachim Carvallo, pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, walilinunua jumba hilo wakati lilipokuwa katika hatari ya kubomolewa. Walitumia mali yao na miaka yao kulirudishia sura yake ya kale, na kuipanda upya bustani kama zilivyokuwa bustani za karne ya 16. Sehemu iliyonishika mimi ni ile ya mboga. Kuna miraba 9 iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja una mchoro wake, na michoro hiyo haikufanywa kwa maua bali kwa kabichi za buluu, biti nyekundu, saladi, karoti na maboga. Hupandwa mara mbili kwa mwaka, na mazao huhamishwa mraba hata mraba ili udongo usichoke.

Nilisimama hapo pamoja na watu wengi wa mataifa mbalimbali, wote tumelipa kiingilio ili tutazame kabichi. Mwanzo nilitaka kucheka. Halafu nikaona jinsi mistari ilivyonyoka, na jinsi ambavyo hapakuwa na gugu hata moja, nikanyamaza. Mkulima hujua kazi ya mkulima mwenzake.

Mwaka 1924 Carvallo alianzisha chama cha wenye nyumba za historia nchini Ufaransa, ili wapate kuzifungulia watu na kuzitunza. Alifahamu mapema kwamba jengo la kale lisiloonwa na mtu hatimaye huanguka.

VIKAPU VYA USHIRIKA

Siku ya pili tulifika Azay-le-Rideau, ambako kuna kasri dogo zuri mno, lililojengwa kati ya mwaka 1518 na 1527 juu ya kisiwa katika mto Indre. Mwenyewe, Gilles Berthelot, alikuwa mshika fedha wa mfalme. Mwaka 1527 jamaa yake mkubwa katika kazi hiyo alinyongwa kwa mambo ya hesabu, naye Berthelot akakimbia nchi kabla nyumba haijaisha. Kasri lina pande mbili tu mpaka leo. Makarani wenzangu watakaosoma habari hii na wakumbuke kufunga hesabu zao kila mwezi.

Kutoka hapo tuliacha njia kuu kidogo, tukaenda kilomita chache mpaka kijiji cha Villaines-les-Rochers. Hakuna kasri huko. Kuna vikapu. Watu wa kijiji hicho wamesuka vikapu tangu zamani, kwa fito za mti mdogo upendao maji, ambao wao wenyewe huupanda mabondeni. Fito hukatwa wakati wa baridi, nyingine husimamishwa ndani ya maji mpaka majira ya machipuko ili maganda yake yatoke kwa urahisi, kisha humenywa na kuanikwa. Msukaji huzilowesha tena kabla ya kuanza kazi. Zamani wengi walifanyia kazi katika mapango ya mwambani, kwa sababu unyevu wa humo huzuia fito zisikauke na kuvunjika.

Mwaka 1849 wasukaji hao walikuwa maskini. Kila mmoja aliuza peke yake, na wachuuzi waliwagonganisha mmoja na mwingine mpaka bei ikawa si kitu. Padre wa kijiji, jina lake Chicoisneau, aliwakusanya wakafanya chama cha ushirika: fito zihifadhiwe pamoja, vikapu viuzwe pamoja, na bei iwe moja. Ni mojawapo ya vyama vya zamani kabisa vya namna hiyo katika Ufaransa, nacho kimepita vita vitatu vikuu na kuja kwa mifuko ya plastiki. Niliingia dukani mwao, nikanunua kikapu kidogo cha mkate, nikakifunga juu ya mfuko wangu. Rafiki yangu alikitazama, akasema, "Sasa baiskeli yako imefanana na baiskeli."

MATUNDA YA RIVARENNES

Mbele kidogo, katika kijiji cha Rivarennes, tulionyeshwa jinsi ya kuhifadhi mapeasi kwa desturi ya mahali hapo. Tunda humenywa zima, hutiwa katika tanuri ya moto mdogo kwa siku kadhaa mpaka likauke, kisha hupondwa taratibu kwa chombo cha mbao na chuma ili hewa yote itoke, na kurudishwa tanurini. Likiisha kutengenezwa hivyo hukaa muda mrefu sana bila kuoza, na mabaharia walilichukua melini. Likitiwa katika maji au divai hufura tena. Kazi hii ilikaribia kufa kati ya vita viwili vikuu vya dunia, ikafufuliwa katika miaka ya 1980 na watu wa kijiji wenyewe, waliozitengeneza tena tanuri za babu zao.

MAZUNGUMZO YA JIONI

Usiku huo tulilala katika kijiji kidogo nisichokitaja jina, maana mama aliyetupokea hakuniambia habari zake ili azisome gazetini. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, mjane wa mkulima, naye hupangisha vyumba viwili kwa wapanda baiskeli. Tulikula mchuzi wa kuku na jibini ya mbuzi, rafiki yangu akitufasiria.

Nikamwambia, "Mama, una bahati kukaa mahali pazuri hivi."

Akajibu, "Bwana, umekuja mwezi wa Septemba. Njoo mwezi wa Januari."

Alitueleza kwamba alipokuwa msichana kila nyumba ya kijiji ilikuwa na ng'ombe na watoto. Vijana wakaenda mijini, mashamba yakaunganishwa, na mtu mmoja mwenye trekta akawa analima mahali palipolisha jamaa nyingi. Jambo hili si la kijiji chake tu. Mwaka 1955 Ufaransa ilikuwa na mashamba milioni 2.3, katika hesabu ya mwaka 2020 yalikuwa 390,000 hivi. Kila shamba lililotoweka lilikuwa na mlango, na wengine walioufunga mlango huo hawakurudi. Shule ya kijiji ilifungwa, kisha duka. Nyumba nyingine zilinunuliwa na watu wa mijini, ambao huzifungua wakati wa likizo.

Nikamwuliza kama wapanda baiskeli wamebadili lolote. Alifikiri kabla ya kujibu. "Mwenye motokaa hununua kila kitu mjini, akakibeba," akasema. "Hupita hapa, hupiga picha ya kanisa, huenda zake. Mwenye baiskeli hawezi kubeba. Kila kilomita 20 ana njaa, kila jioni amechoka. Hununua mkate hapa, matunda pale, na hulala. Mwoka mkate wetu yuko bado kwa sababu yao."

"Basi wamekiokoa kijiji," nikasema.

"La, Bwana. Wageni hawazai watoto hapa. Wametupa muda tu. Ni juu yetu kuutumia."

Maneno hayo sikuyasahau. Nilikuwa nimekwisha kutunga kichwani mwangu habari nzuri, jinsi baiskeli ilivyoviokoa vijiji vya Ufaransa, na mama yule aliniharibia kwa sentensi tatu. Lakini alilolisema ndilo la kweli.

WAFARANSA NA BAISKELI

Huenda msomaji atauliza kwa nini mambo haya yametokea zaidi katika Ufaransa. Sababu moja ni kwamba baiskeli ni kama mtoto wa nyumbani huko. Katika miaka ya 1860 karakana ya Michaux mjini Paris ilikuwa ikiuza baiskeli zenye pedeli kwenye gurudumu la mbele. Tarehe 7 Novemba 1869 yalifanywa mashindano kutoka Paris mpaka Rouen, kilomita 123, akashinda Mwingereza James Moore baada ya kukanyaga kwa zaidi ya saa 10. Mwaka 1903 yakaanza mashindano makubwa ya kuizunguka nchi, yaitwayo Tour de France: watu 60 waliondoka, wakaenda kilomita 2,428 kwa hatua 6, na 21 tu wakamaliza. Mshindi alikuwa Maurice Garin, aliyekuwa zamani msafisha mabomba ya moshi.

Mashindano hayo yana jina hata kwetu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mchezo huo katika barabara za Kenya, aliyashinda mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, ingawa aliyashinda chini ya bendera ya Uingereza. Na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo. Alishinda hatua tatu, akavaa fulana ya kijani mpaka mwisho.

Lakini mashindano ni ya wachache. Jambo lililowapeleka Wafaransa wa kawaida vijijini ni sheria ya mwezi wa Juni mwaka 1936, iliyowapa wafanyakazi wote likizo ya majuma mawili kila mwaka bila kukatwa mshahara. Watu wa viwandani, ambao wengi wao hawakuwa wameiona bahari, hawakuwa na fedha za motokaa. Walichukua baiskeli, wengine baiskeli za watu wawili, mume mbele na mke nyuma, wakaenda kuitazama nchi yao wenyewe. Kwa hiyo wazee wengi wa Ufaransa wakimwona mtu anafika na baiskeli na vumbi hawamdharau. Humkumbuka baba yao.

CHINON NA CANDES

Siku ya tatu tulifika Chinon, mji mdogo chini ya ngome ndefu juu ya mto Vienne. Katika ngome hiyo ndimo alimofika Jeanne d'Arc mwaka 1429, msichana wa kijijini wa umri wa miaka 17 hivi, baada ya safari ya siku 11 juu ya farasi kutoka mpaka wa mashariki. Alimwomba Charles, mrithi wa ufalme, ampe askari. Mwezi wa Mei mji wa Orléans ukaokolewa, na mwezi wa Julai Charles akatawazwa mjini Reims. Miaka miwili baadaye msichana huyo alichomwa moto mjini Rouen. Nilikwea mpaka ngomeni kwa miguu, nikiisukuma baiskeli, nikifikiri kwamba mtoto yule hakuwa na cheo wala elimu wala fedha, na mlango ulifunguliwa.

Baada ya Chinon njia yapita katikati ya mizabibu. Hapo tairi langu la nyuma likatoa sauti ambayo kila mpanda baiskeli aijua. Tulikuwa na kiraka, lakini gundi yetu ilikuwa imekauka. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza waya za mizabibu alituona, akaingia bandani, akatoka na beseni la maji na kopo la gundi. Akautia mpira majini, akatafuta povu, akaukwaruza, akapaka, akangoja, akabandika. Hakusema neno, wala sikuhitaji kufasiriwa. Nilipotoa fedha alizikataa kwa mkono, akanionyesha kwa kidole njia ya kwenda Candes.

Candes-Saint-Martin ni kijiji kilichokaa mahali ambapo Vienne huingia katika Loire. Hapo ndipo alipokufa Askofu Martin wa Tours mwaka 397. Yasimuliwa kwamba watu wa Tours, wakiogopa kunyang'anywa maiti yake, waliitoa usiku kwa dirisha, wakaipandisha mto kwa mashua. Na hadithi yaongeza kwamba ilipopita, ingawa ulikuwa mwezi wa Novemba, kingo za mto zilichanua maua. Mpaka leo Wafaransa siku za joto zijazo mwezi huo huziita kiangazi cha Mtakatifu Martin. Kanisa kubwa lililojengwa hapo katika karne ya 12 na ya 13 lilitiwa baadaye vijinara vya vita, hata mtu asiyejua aweza kulidhani boma.

Candes na jirani yake Montsoreau wamo katika chama cha vijiji vizuri kabisa vya Ufaransa. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1982 na Charles Ceyrac, aliyekuwa meya wa Collonges-la-Rouge, pamoja na mameya wengine, wote jumla 66, waliochoka kuona vijiji vyao vikifa. Kijiji hakiwezi kuingia kwa fedha. Sharti kiwe na watu wasiozidi 2,000, kiwe na majengo au mahali pasipopungua pawili palipolindwa na sheria, na kikaguliwe. Kisipojitunza huondolewa.

JIWE JEUPE

Nyumba za huko, kuanzia kasri la mfalme hata banda la mbuzi, zimejengwa kwa jiwe jeupe liitwalo tufo. Ni laini, hata hukatwa kwa msumeno. Watu walilichimba katika vilima vya kando ya mto kwa karne nyingi, na kila jiwe lililotoka liliacha nafasi. Kati ya Montsoreau na Saumur tulipita vilima vilivyotobolewa kama mzinga wa nyuki. Watu walikaa humo zamani, kwa maana pango halihitaji paa, wala joto lake halibadiliki sana wakati wa hari wala wa baridi. Mapango mengine leo ni maghala ya divai, mengine hukuzwa uyoga, na katika Turquant utayaona mafundi wakifanya kazi zao humo. Shimo lililoachwa na babu halikutupwa.

Siku ya nne asubuhi tulipanda kilima pekee cha safari nzima, tukafika kwenye nyumba ya watawa ya Fontevraud, iliyoanzishwa mwaka 1101. Napoleon aliigeuza gereza mwaka 1804, nayo ilibaki gereza mpaka mwaka 1963. Kanisani zimelala sanamu za mawe za Mfalme Henry wa Pili, mkewe Eleanor, na mwanawe Richard. Henry ndiye yule wa matuta. Ngome zake nyingi zimebomoka na milki yake ilivunjika zamani, lakini mimi nilikuwa nimepita siku nne juu ya matuta yanayofuata kazi yake, yangali yakizuia maji.

Jioni tulifika Saumur. Tulipandisha baiskeli katika treni, maana treni za bonde hilo huzichukua, tukaelekea Tours. Safari tuliyoifanya kwa siku nne ilirudi kwa muda usiofika saa moja. Nilikaa dirishani, nikitafuta ng'ambo ya mto mnara wa kanisa la Candes, na kile kijiji cha mama wa vyumba viwili. Miti ilipita, na mizabibu, na nyumba nyeupe mbili tatu. Sikuweza kujua ni kipi.